Sura ya Tano: Chakula cha Zamu

Daftari la msiba halitupwi. La shule litakuwa la kuwashia moto mtoto akishavuka darasa, la hesabu za duka litaliwa na mchwa, lakini lile lililoandikwa majina ya waliofika siku baba alipozikwa, na walichokuja nacho, huwekwa kabatini chini ya nguo pamoja na hati ya kiwanja na vyeti vya ubatizo. Miaka kumi baadaye, jirani akifiwa, mwenye nyumba atalitoa na kutafuta jina. Shilingi 5,000. Debe la mahindi. Mkungu wa ndizi. Zile siku tatu ambazo mke wa jirani huyo alishinda akipika kwenye moshi hazimo, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kuziandika. Hata hivyo kila mwanamke wa mtaa ule anazijua.

Ukitaka kujua kwa nini Kawetele mtu mmoja hupata kibarua upesi na mwenzake anasota, kwa nini huyu akiugua ng'ombe wake hawalali njaa na yule akiugua kila kitu kinasimama, anzia kwenye daftari hilo kabla hujaenda benki.

Wataalamu wanaliita jambo hili mtaji wa kijamii. Istilahi yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. L. J. Hanifan, msimamizi wa shule za vijijini katika jimbo la West Virginia, Marekani, aliitumia mwaka 1916 akieleza kwa nini shule hustawi pale majirani wanapotembeleana. Baadaye Mfaransa Pierre Bourdieu alionyesha jinsi wenye nacho wanavyorithishana kujuana kama wanavyorithishana nyumba, na mwaka 2000 Robert Putnam akawashtua Wamarekani kwa kitabu kilichosema kwamba hata bowling, mchezo waliokuwa wakiucheza kwa vikundi, sasa wengi wanaucheza nje ya vikundi hivyo.

Kawetele hawasemi hivyo. Wanasema, "Yule ana watu." Au, kwa sauti ya chini, "Maskini, hana watu." Nami katika sura hii nitashika lugha yao, maana imebeba jambo ambalo istilahi imelidondosha njiani. Mtaji unaweza kuufungia sandukuni ukaukuta ulivyouacha. Watu hawafungiwi. Ukiacha kwenda kwao, siku ukiwahitaji si wako tena.

Kawetele ni kata ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, nusu mji, nusu shamba. Ukiiacha lami ukaingia njia za ndani, hatua chache tu uko chini ya migomba. Sehemu nyingi za Rungwe hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, ardhi ni ya volkano, nyeusi na nzito, na karibu kila kipande kina kitu: mgomba, mchai, mparachichi, banda la ng'ombe wa maziwa. Nchi yenye rutuba kiasi hiki huvuta watu, na watu wakisongamana hawana budi kutafuta namna ya kuishi wasichokane. Wanyakyusa, wenyeji wa hapa, waliitafuta kwa makusudi, na walichokipata hakina mfano mwingi duniani.

Mwaka 1934 Mwingereza kijana, Godfrey Wilson, alifika Rungwe kufanya utafiti. Mwaka uliofuata akajiunga naye mkewe, Monica, aliyezaliwa Lovedale huko Afrika Kusini, na mpaka 1938 walikuwa wakiishi na kuuliza, kusikiliza na kuandika. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica ndiye aliyekaa na madaftari yale na kuyageuza vitabu, cha kwanza mwaka 1951, na kichwa cha kitabu hicho, *Good Company*, ni jaribio la kulibeba neno moja la Kinyakyusa: ukwangala.

Ukwangala ni kukaa na wenzako kwa raha, kula nao, kunywa nao, kuzungumza mpaka jua lizame. Ni starehe, lakini wazee waliozungumza na kina Wilson hawakuishia hapo. Kwao mtu hupata adabu na akili kwa kukaa na wenziwe, na asiyekaa nao hubaki mjinga hata akiwa na ng'ombe wengi. Kwa hiyo walikijengea kitu hicho kijiji kizima. Mvulana akifika miaka kumi au kumi na mmoja aliacha kulala kwa baba yake. Yeye na marika wenzake walijenga vibanda vyao pembeni. Waliendelea kulima mashamba ya baba zao, na chakula walikwenda kukila kwa mama zao, lakini hawakwenda mmoja mmoja. Walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mama aliyeinjika ndizi hakumpikia mwanawe, alilipikia rika la mwanawe, akijua kwamba kesho mwanawe atalishwa na mama mwingine.

Wavulana wale walikua, wakaoa, wakawaleta wake zao palepale, na kijiji kikawa chao hadi uzeeni. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika ubusoka, sherehe ya akina baba kuwakabidhi wana wao nchi na madaraka yake. Matokeo yake ni kwamba jirani yako hakuwa ndugu yako. Ndugu, ambao ng'ombe na urithi ulipita kwao, walikuwa wametapakaa katika vijiji vingine. Jirani alikuwa mtu wa rika lako, uliyekula naye kwenye chungu cha kila mama. Kila mwanamume alikuwa na nyavu mbili, mmoja wa karibu na mmoja wa mbali, na hazikufanya kazi moja. Naomba msomaji aushike mfano huu wa nyavu mbili, kwani tutarudi kwake.

Sitaki mtu adhani ninasimulia paradiso. Ukwangala ulikuwa na makali yake. Aliyepika nyama akaila peke yake alitiliwa shaka, na shaka za siku zile zilikuwa shaka za uchawi. Palikuwa na imani kwamba majirani wakimnung'unikia mtu kwa kosa lake, pumzi yao inamfikia kama baridi, naye anaugua. Kina Wilson waliliandika jambo hili kwa uzito, na walifanya vyema: ile pumzi ya watu ndiyo iliyomlazimisha bahili kugawa na mbabe kutulia, na ndiyo iliyoweza pia kummaliza mtu asiye na kosa ambaye hakupendwa tu. Halafu kuna wanawake. Wao hawakuwa na kijiji cha rika lao. Waliingia katika vijiji vya waume zao, na ule ukaribu wa wanaume uliosifiwa sana ulisimama juu ya mafiga yao.

Vijiji vya rika havipo tena. Mwaka 1958 Philip Gulliver, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, alichapisha utafiti juu ya ardhi ya Wanyakyusa ulioonyesha nini kilikuwa kikitokea. Watu walikuwa wameongezeka na ardhi haikuongezeka. Vijana walikuwa wakitoka, kwanza kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, kisha kwenye migodi ya Rhodesia ya Kaskazini na Afrika Kusini, na kurudi na fedha zao wenyewe. Na kahawa ilikuwa imeingia. Ubusoka ulihitaji ardhi ya kugawa upya, lakini mbuni hauhami. Mtu aliyeupanda na kuungoja miaka mitatu hataki kuliachia rika. Anataka kumwachia mwanawe.

Chungu cha zamu, hata hivyo, hakikuvunjika. Kilihamia kwenye mafiga mengine.

Chukua ng'ombe wa maziwa. Mitamba ya kisasa imeenea Rungwe kwa sehemu kubwa kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: unapewa mtamba, akizaa ndama jike wa kwanza unampeleka kwa jirani aliye kwenye orodha baada yako, na huyo atampeleka wake kwa mwingine. Hakuna riba wala karatasi ndefu. Kuna macho ya jirani anayepita kila asubuhi kutazama kama ng'ombe wako ameshika mimba, kwa sababu ndama aliye tumboni ni wake. Anakuletea majani ya guatemala bila kuombwa. Anajua dalili za ndigana kabla yako.

Au chukua chai. Chai haisubiri. Jani likishachumwa linaanza kunyauka, na lisipofika kiwandani kwa saa chache limeharibika. Mkulima mwenye nusu eka hawezi kumiliki lori wala kumbembeleza mwenye nalo. Kwa hiyo wakulima wadogo wa Rungwe walijiunga kwa maelfu katika chama chao, RSTGA, na kupitia umoja huo wakawa na hisa katika Wakulima Tea Company yenye kiwanda Katumba. Lakini chama kikubwa kinakaa juu ya kitu kidogo, yaani banda la kupimia, ambako majirani huleta majani yao na kusubiri gari. Jani la kila mmoja linachanganywa na la mwenzake. Atakayeleta magumu badala ya majani mawili na chipukizi anawapunguzia wote bei, na wote wamesimama pale wanamwangalia akimimina kapu. Pumzi ya watu bado inafanya kazi, ila sasa inapita kwenye mizani.

Kuna mafiga yaliyojengwa kutoka juu, nayo sitakaa nayo sana. Miaka ya 60 TANU ilileta mabalozi wa nyumba kumi, na mpaka leo balozi ni mtu wa kwanza kuitwa mume na mke wakigombana usiku. Mfumo huo ulishika kwa sababu ulikuta ujirani tayari. Vyama vikuu vya ushirika, kwa upande mwingine, serikali ilivifuta kwa tamko mwaka 1976 na ikalazimika kutunga sheria ya kuvirudisha mwaka 1982. Kuaminiana kulikochukua miaka 30 kukua hakukurudi kwa tangazo la gazeti la serikali.

Kilichorudi kwa nguvu ni vikoba. Mfano wake ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, ukafika Zanzibar karibu na mwaka 2000, na leo sijui mtaa wa Tukuyu usio na kikundi. Wanawake 20 au 30 hukutana kila wiki, wananunua hisa, wanachangia mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba, wanakopeshana kwa kudhaminiana, na mwisho wa mzunguko wanavunja na kugawana. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi hivi kuwa daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Watu wa nje hustaajabia kufuli tatu. Mimi huangalia aliyekaa nyuma kabisa ya duara, ambaye anaijua dhamana halisi: binti wa huyu ameolewa kwa mdogo wa yule, na yule ndiye aliyeshika mtungi wa maji siku mama wa huyu alipozikwa.

Je, haya yote yanapimika? Mwaka 1995 ulifanyika utafiti mkubwa katika vijiji vya Tanzania, ambao watafiti wa Benki ya Dunia Deepa Narayan na Lant Pritchett waliutumia kujibu swali hilo. Waliuliza kila kaya iko katika vikundi vingapi, vya kanisa, msikiti, kuzikana, akina mama, chama, na vikundi hivyo vinamchanganya nani na nani. Walipolinganisha majibu na matumizi ya kaya, walikuta kwamba vijiji vyenye vikundi vingi na vyema vina hali bora ya maisha kwa kiwango kikubwa, wakikadiria asilimia 20 hadi 30. Nilichokipenda zaidi ni hiki: mtu aliyeishi katika kijiji chenye vikundi vingi alifaidika hata kama yeye mwenyewe hakuwa kwenye kikundi. Mbolea aliijua kupitia jirani. Mwalimu wa shule alibanwa na wazazi wa wengine.

Lakini utafiti mwingine wa hapa nchini unatutia adabu. Joachim De Weerdt aliihoji kila kaya ya kijiji cha Nyakatoke, mkoani Kagera, kaya zote 119, akiuliza: ukipata shida unamwendea nani, na nani hukujia wewe? Ukichora majibu unapata wavu. Maskini walikuwa na nyuzi chache zaidi, tena nyingi zikiwafunga kwa maskini wenzao. Na pale yeye na Stefan Dercon walipofuatilia ugonjwa, walikuta wavu ulikilinda chakula cha kaya ya mgonjwa. Sufuria haikukauka. Matumizi mengine yasiyo ya chakula hayakulindwa hivyo.

Nimefikiri sana juu ya matokeo hayo, kwa sababu kila aliyekaa Rungwe anayajua bila takwimu. Jirani ataleta ndizi za mbalaga, maziwa, kuni, atakuchumia chai yako. Hatakulipia upasuaji, kwa sababu hana, na aliye naye karibu hana. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosifu moyo wa Kiafrika wa kusaidiana kana kwamba unatosha. Haukuumbwa kubeba vyumba vya upasuaji. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ikitekelezwa vizuri haitaua ujirani. Itaupunguzia mzigo ambao haukuwahi kuuweza.

Sasa turudi kwenye nyavu mbili. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter aliwauliza wanaume wa Newton, Massachusetts, waliopata kazi kupitia mtu, ni mara ngapi walikuwa wakionana na mtu huyo. Chini ya asilimia 17 walisema mara kwa mara. Waliobaki walipata kazi kupitia watu wanaokutana nao mara mojamoja au kwa nadra: mwenzao wa kazi ya zamani, rafiki wa rafiki. Makala yake ya mwaka 1973 yalieleza sababu. Watu wako wa karibu wanajua unachokijua. Vijana walioegesha bodaboda kwenye kijiwe kimoja wamekwisha kusikia kila habari ya kazi iliyopo. Wakipigiana simu wanarudishiana habari ileile. Habari mpya inatoka kwa mtu aliye ukingoni mwa maisha yako.

Ndiyo maana ndizi za Rungwe zinauzwa na mtu aliye mbali. Mkungu unapakiwa kwenye lori leo na kushushwa Mabibo, Dar es Salaam, pale panapoitwa Mahakama ya Ndizi. Ndizi zinaiva njiani, hazina muda wa kungoja mkataba. Anayezipokea ni mtu anayejulikana, na mara nyingi jina lake la ukoo linaanza na Mwa-. Jina hilo mjini ni barua ya utambulisho. Kijana akishuka stendi na begi moja na namba ya simu ya mjomba ambaye hajawahi kumwona, anaanzia mbele ya wengi. Atalala sebuleni, ataonyeshwa daladala, mtu atasema, "Huyu ni wa kwetu."

Na wasio na mjomba? Neno koneksheni limeingia katika Kiswahili cha vijana likiwa na uchungu, na uchungu huo ni wa haki. Binti wa Kawetele aliyemaliza chuo, baba yake mkulima wa chai na mama yake muuza maparachichi, ana wavu wa karibu uliofumwa kwa uhodari. Akifiwa, watakuja watu mia. Akiomba kazi, hana hata mmoja. Wengi humwambia aongeze bidii, kwani mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Msemo huo umechorwa nyuma ya malori mengi, nami sikubaliani nao. Nguvu zako zitalima shamba, lakini hakuna anayejichimbia kaburi, na hakuna anayejitambulisha mwenyewe kwa mtu asiyemjua akaaminiwa. Mtu ni watu. Kinachohitajika kwa binti huyu ni mlango unaofunguka kwa cheti chake, bila jina la mtu: tangazo la wazi, usaili wa haki, orodha inayobandikwa. Kadiri milango hiyo inavyofanya kazi, ndivyo ujirani unavyorudi kuwa ujirani badala ya kuwa biashara ya fadhila.

Kuna wasio na watu hata wa karibu, na hao ndio wanaonisumbua zaidi. Kuwa na watu kunalipwa, na hulipwa kwa mwili: kwenda, kukaa, kubeba, kuosha masufuria kwa maji ya mvua saa tano usiku. Mgonjwa wa muda mrefu hawezi kulipa. Mhamiaji aliyepanga chumba hajui msiba uko nyumba gani. Mama anayeuza mboga barabarani akifunga genge siku tatu kwa ajili ya mazishi, watoto wanalala njaa. Asipofunga, daftari linamkosa. Kwenye kikoba, akishindwa rejesho mara mbili huacha kuja kanisani kwanza, kabla hajaacha kuja kikundini, kwa kuwa ni watu walewale. Fimbo iliyomtisha bahili wa zamani sasa humwangukia mtu ambaye kosa lake ni kutokuwa na 10,000 siku ya Jumapili. Vikundi vinavyodumu, kwa nilivyoviona, ni vile vilivyojifunza kumfuata mtu huyo nyumbani na kumuuliza kuna nini kabla ya kumtoza faini.

Na sasa daftari limeingia kwenye simu. Msiba ukitokea, kundi la WhatsApp linafunguliwa kabla maiti haijatoka hospitali, mhazini anaweka namba yake, na orodha inapanda: Dar, Mbeya, Dodoma, Lusaka, wengine Ulaya. Wavu wa mbali haujawahi kuwa na nguvu hivi. Jeneza zuri limepatikana, turubai zimefungwa, ng'ombe amenunuliwa. Ila kaburi linachimbwa na vijana wanane walewale waliolichimba la wiki iliyopita, na mabega yao yanauma. Mafigani wapo wanawake walewale, ila mmoja ni binti wa yule aliyekuwa akisimama hapo kabla yake. Majina yao hayapo kwenye orodha ya simu kwa kuwa hawakutuma kitu.

Jioni, wageni wakipungua, simu ya mama mwenye msiba huita. Ni mwanawe aliye mbali, aliyetuma kingi kuliko wote, anataka kujua kama fedha zimefika.

"Zimefika, mwanangu. Ndaga fijo," mama anamshukuru. Halafu anasikiliza kelele za mji ule upande wa pili, na anauliza, "Unakuja lini?"